Majivu, Ndimu na Mfalme Mwenye Ndevu

Kijana mmoja anayezunguka mitaa ya Kenya, kata ya mji wetu wala si ile nchi, akinunua sarafu za zamani alipita kwangu wiki iliyopita. Nilimpa kiti na kikombe cha maji, nikamletea ile yangu ikiwa katika kitambaa chake. Aliifungua, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaiinamisha huku na huku, halafu akanirudishia taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto mwenye homa kwa mamaye.

"Mama, hii balisha kuisukula," alisema. "Balisugua mubaya. Bale banakusanya bya zamani habaitaki tena."

Nilicheka sana, naye akadhani mzee amekosa akili. Maskini, alikuwa anasema kweli, na tena alikuwa amefundishwa vizuri. Kwa nusu dakika aliona jambo lililoitesa nyumba yetu siku tano nzima. Ningeweza kumwongezea na yale asiyoyaona: kwamba aliyeisugua alitumia majivu ya makala, kama tunavyoyaita makaa, udongo wa kichuguu na nusu ya ndimu, kwamba alikuwa msichana wa miaka minane hivi, magoti mekundu kwa vumbi, na kwamba aliifanya kazi hiyo akiimba wimbo wa kanisani. Lakini kijana alikuwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine, na mimi bado nilikuwa nimefunga kitambaa cha msiba. Shangazi Veronika tulimzika mwezi uliopita. Baada yake simjui mwingine aliye hai anayeikumbuka habari hii, basi naiandika kabla nami sijaisahau.

Tulikaa katika kampi ya wafanyakazi wa reli, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville na sisi tukiuita kwa jina la mto wake. Nyumba za matofali zilipangwa mistari, mlango ukitazamana na mlango, hata ukipiga chafya jirani anakuombea heri. Kwa mbali ilisimama chimini kubwa ya kiwanda cha shaba. Upepo ukigeuka, moshi wake ulishuka mpaka kwetu, ukatuingia kooni na kutuachia ladha ya kiberiti mdomoni. Mama alikuwa akikimbia kuanua nguo. Hakuna kitu cha chuma kilichobaki na rangi yake katika mji ule, na wanawake wa kampi walikuwa katika vita visivyoisha na weusi wa sufuria.

Vita hivyo vilikuwa na jemadari wake, madamu wa usafi. Kila Jumamosi asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiwa na muuguzi aliyebeba daftari. Alichungulia chini ya vitanda, akafunua ndoo za maji, akapitisha kidole juu ya dirisha na kukitazama kidole hicho kwa huzuni. Nyumba iliyomridhisha kuliko zote ilitundikiwa kikaratasi chekundu mlangoni kwa wiki nzima, na mama wa nyumba akapewa mche wa sabuni. Sabuni haikuwa kitu. Kikaratasi ndicho kilichotutoa roho. Jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa nacho wiki tatu mfululizo, na alikwisha kuanza kuitikia salamu za watu akiwa amekaa.

Mama yangu, mtu wa upande wa Kabongo, hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alisema karatasi hailiwi na bukari, ugali wetu. Lakini kila Ijumaa niliona jinsi alivyosugua sufuria zake kwa majivu na ndimu mpaka zikawa kama kioo, na nilijua kuwa anakitaka kile kikaratasi kama ninavyokitaka mimi.

Chini ya kitanda cha wazazi wangu kulikuwa na kopo la chai. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa alikuwamo mfalme. Ilikuwa sarafu ya fedha, nzito, iliyojaza kiganja changu. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme wa zamani wa Wabelgiji mwenye ndevu ndefu, upande wa pili simba wawili. Babu yangu mzaa baba aliipata alipokuwa akiwabebea Wazungu mizigo, kabla reli haijafika kwetu. Baba alipomwoa mama, sarafu hiyo ilikuwa ndani ya mahari. Wakwe wakachukua mbuzi, wakachukua majembe na vitambaa. Lakini siku mama alipopanda treni kumfuata mumewe mjini, baba yake alimrudishia ile sarafu moja mkononi. Ikae naye, iwe shahidi wa ndoa yake. Siku ndoa ikivunjika, itarudi ile ile, si nyingine. Sijui kama Waluba wote walifanya hivyo. Kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Na kwa kuwa alikuwa shahidi, hakuguswa. Mama aliitoa mara moja moja tu, akaitazama, akaifunga tena. Ilikuwa nyeusi, na ukiiinamisha ulionekana ubuluu na uzambarau pembezoni, kama shingo ya njiwa. Leo ninajua ule ulikuwa uzuri wake. Wakati ule niliona uchafu tu.

Kosa lilianzia katekismu. Sista alituchorea ubaoni mioyo mitatu: mmoja mweupe, mmoja wenye madoa, mmoja mweusi tii. Huo wa mwisho, alisema, ni wa mtu aliye katika dhambi ya mauti, na akatuuliza nani anataka kufa akiwa na moyo kama huo. Hakuna aliyetaka. Nilirudi nyumbani nikiwaza, na kufika mlangoni nilikuwa nimelitatua fumbo la kampi nzima. Chini ya kitanda chetu alilala mfalme aliye katika dhambi ya mauti, na kila Jumamosi madamu alichungulia chini ya vitanda. Tungepataje kikaratasi chekundu?

Ijumaa hiyo mama alikwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, sokoni. Shangazi Veronika alikuwa bombani, kwenye foleni ya kufua. Huyu alikuwa dada wa mwisho wa baba, msichana wa miaka kumi na minane hivi, aliyekuja kukaa nasi amsaidie mama kazi. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye. Ndiye aliyenisuka nywele, na aliponisuka alikuwa akinisimulia habari za Donati, mchumba wake, aliyemimina chuma katika vikasha vya mchanga kwenye karakana ya reli. Donati alimtengenezea pete ya bati. Aliivaa kwa uzi shingoni, chini ya nguo, na mama alijifanya haioni.

Nilikaa nyuma ya nyumba karibu na mbabula, lile jiko letu la makala, nikachota majivu. Nilichanganya udongo laini wa kichuguu, maana kwenye sufuria sugu mama alifanya vivyo hivyo, nikakamua ndimu, nikaanza. Mwanzoni mfalme alitoa maji meusi. Halafu shavu lake likatokea, jeupe. Sijawahi kufurahi vile. Nilisugua kwa kidole gumba, duara baada ya duara, shavu, paji la uso, simba wote wawili, huku nikiimba. Ndevu tu ndizo zilizokataa. Katikati ya nywele zake na katikati ya herufi weusi uling'ang'ania, nikachokoa kwa njiti ya ufagio, nikashindwa, nikajiambia kuwa hata watakatifu walibakiwa na kasoro ndogo ndogo. Nikamfunga katika kitambaa chake, nikamrudisha koponi mwake.

Jioni, kabla ya kula, Veronika alinimiminia maji nikanawa. Alinishika vidole, akavinusa, akaniuliza ndimu nimeipata wapi. Nilimjibu kuwa niliichuma kwa jirani. Hakuuliza tena, tukala.

Siku ya pili madamu alikuja. Alichungulia chini ya kitanda, akaliona kopo, akalisogeza kwa ncha ya kiatu na kuendelea na safari yake. Kikaratasi kilibaki kwa jirani, wiki ya nne. Nilimwona Mungu mvivu kidogo, kisha nikasahau, kama watoto wanavyosahau.

Jumapili baada ya misa mama alituita mkekani, Veronika na mimi. Baada ya wiki mbili watu wa Donati walikuwa waje kuanza mazungumzo ya mahari, na mama alitaka Veronika aone shahidi wa ndoa ni kitu gani, ili siku yake naye ajue kumtunza. Alifungua kopo. Alifungua kitambaa. Nilijiweka sawa nisifiwe.

Mama hakupiga kelele. Aliipima kwa mkono, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii haiko yetu," alisema.

Kisha alimtazama Veronika, na nikaona jinsi mawazo yake yalivyotembea, hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu hata mimi mtoto niliweza kuyafuata. Ile yetu ilikuwa nyeusi, hii ni nyeupe kama iliyozaliwa jana. Katika nyumba hii nani anajua kopo liko wapi? Na nani ana mchumba anayeweza kumimina bati katika mchanga na kutoa umbo la kitu chochote kile, likiwa jipya na la kung'aa?

"Veronika," mama alisema, "ile ingine iko wapi?"

"Yaya, miye sikuigusa," alijibu. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na ndivyo alivyomwita mama.

"Na Donati?"

Veronika aliweka mkono kifuani, pale pete ilipokuwa chini ya nguo, na hilo ndilo lililommaliza. Mama alimfunga mfalme, akainuka, akaenda kupika.

Na mimi? Ningependa kuandika kwamba niliogopa mwiko wa bukari, maana woga wa mwiko kila mtu anausamehe. Niliuogopa, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi, na sikumweleza mtu yeyote mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nilimwamini mama. Mama hakukosea kamwe, na mama alisema hii si yetu. Basi nilikuwa nimemsugua mfalme mpaka akaondoka, na mwingine akaingia mahali pake. Si ndivyo sista alivyofundisha? Ukitakaswa, mtu wa kale amekufa, wewe ni mtu mpya. Nilikuwa nimemuua shahidi. Nikisema, mama na baba watajua kuwa ndoa yao haina shahidi tena, na baba atachukua kofia yake msumarini na kwenda. Nilikaa kimya ili wazazi wangu wabaki wameoana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku tano, na niliitembea yote peku.

Baba aliambiwa jioni. Veronika alikuwa damu yake, kwa hiyo aibu ilikuwa yake pia, na alizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba ni yeye aliyeshtakiwa. Aliamua kuwa ataomba karatasi ya safari ofisini. Veronika atapanda treni ya Ijumaa kwenda kwa mama yao, akae huko hadi ile sarafu ya kweli irudi. Watu wa Donati wataambiwa wasije. Sote tulijua maana yake. Msichana aliyerudishwa kijijini kwa wizi, mtu gani angefunga safari kumfuata?

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi mno. Watu walipishana mlangoni, wakaombana radhi. Veronika aliteka maji, akatwanga, akafua mashuka yote kama mtu anayeacha nyumba ya watu ikiwa safi. Pete hakuivaa tena. Jumatano alinisuka nywele, vidole vyake vikiwa vyepesi kuliko siku zote, na katikati ya mistari akaniuliza polepole kama kuna kitu kinanisumbua. Nikasema tumbo. Akaendelea kusuka.

Mama alikuwa mtu wa haki, hata akiwa amekasirika. Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya treni, alisema hawezi kuvunja uchumba wa mtoto wa watu kwa kutumia macho yake tu. Aliichukua sarafu, akaniambia nibebe kikapu, tukaenda kwa miguu mpaka soko la Kenya, kwa Baba Ntumba.

Baba Ntumba alikuwa Mkasai, fundi wa saa, mtu wa kola nyeupe na miwani yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi. Meza yake ilikuwa chini ya baraza la duka la vitambaa. Makarani wote walimletea saa zao, na pembeni ya kazi hiyo alimtafutia sarafu za zamani Mzungu mmoja wa posta aliyezihifadhi katika vitabu vyenye vidirisha. Watu walimletea sarafu zinazong'aa, wakitegemea shukrani, naye akawarudishia. Sokoni walisema mzee huyu anapenda uchafu.

Mama alimweleza yote kwa maneno machache, bila kutaja jina la mtu. Alitaka kujua tu hii ni bati au la.

Alipokea sarafu kwa vidole viwili, kwenye ukingo wake, bila kugusa uso. Aliiangusha kidogo juu ya mbao ya meza. Ililia, na mlio ukakaa hewani muda mrefu. Akatoa sarafu nyingine ya mfalme yule yule kutoka kwenye droo, nyeusi kama yetu ilivyokuwa, akaziweka zote mbili katika mizani yake ndogo. Mikono ya mizani ikasimama sawasawa. Mama aliitazama mizani ile bila kupepesa macho.

"Bati haiimbake vile," alisema Baba Ntumba. "Hii iko feza."

Kisha akaanza kufundisha, maana alikuwa mtu wa kufundisha hata pale alipoulizwa saa ngapi. Aliinamisha sarafu yake nyeusi kwenye jua. Chini ya weusi wake mwanga ulikimbia, ukazunguka kutoka ukingo hadi ukingo kama spoki za gurudumu la baiskeli zinavyozunguka. Ndivyo sarafu inavyozaliwa, alieleza, na weusi unaokuja baadaye ni ngozi yake. Unaifunika na hauiui. Halafu akainamisha yetu. Mwanga haukukimbia. Ulisimama mahali pamoja, mweupe, umezubaa, hata alipoigeuza. Mtu akiona weupe wa namna hiyo, alisema, asiulize kama sarafu ni mpya. Aulize nani aliichuna.

Akaweka kioo chake cha kukuza jichoni, akainama. Sokoni mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya samaki wakavu.

"Mama, hii njo ile ile yenu," alisema. "Angalia mu ndevu. Angalia katikati ya mandiko. Muntu anaweza kumwanga bati mu muchanga, atapata sura ya mufalme. Lakini ile nyeusi ya mule ndani hataipata. Ile iko moshi ya miaka."

Mama alishika ukingo wa meza. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo ni nani basi aliyefanya hivi. Baba Ntumba alisema mikwaruzo ina tabia yake. Mtu mzima anayezoea sufuria husugua kwa kiganja, mistari mirefu. Hapa palikuwa na viduara, vingi, vidogo, vya kidole gumba. Alipofika hapo aliitazama mikono yangu iliyoshika kikapu. Aliniita upande wake, akaniweka kile kioo jichoni, akanishika kichwa ili nisitikisike.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Niliona shavu la mfalme, kubwa kama uwanja, na juu yake njia nyingi za mviringo zilizokatana, kila moja ikiwa jeraha. Pembeni mwake kiliingia kidole gumba changu, kikubwa mno, nilipojaribu kushika sarafu. Duara na kidole vililingana. Lakini si hilo lililonishtua. Niliziona ndevu. Kule ndani kabisa, mahali njiti ya ufagio iliposhindwa, weusi wetu ulikuwa umekaa vile vile, wenye ubuluu, kama siku zote. Mfalme hakuwa ameondoka. Hakuna mwingine aliyeingia. Nilimchuna tu, maskini, na yeye akabaki palepale akiwa shahidi wa mama na baba, na baba hangechukua kofia yake kwenda popote.

Machozi yalinitoka ndani ya kile kioo cha watu.

"Ni miye," nilisema. "Nilitaka madamu atupe karatasi."

Mama alikaa kwenye benchi la wateja. Hakunipiga. Ningependa angenipiga, kwa sababu alivyonitazama ilikuwa kama ananihesabia siku: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Baadaye alimuuliza Baba Ntumba kama inaweza kutengenezwa.

"Nyeusi itarudia," alijibu, akionyesha kwa kidevu upande wa chimini. "Moshi ya huku haichoke. Lakini bile bikovu, hapana, mama. Bitabakia."

Njiani mama alinunua kuku. Alitembea mbele yangu bila kunishika mkono, na kila baada ya nyumba kumi hivi aligeuka kuona kama bado namfuata. Nyumbani tulikuta mzigo wa Veronika umefungwa, umewekwa karibu na mlango, na juu yake ile karatasi ya safari yenye muhuri. Mama aliweka kuku chini. Alipiga magoti mbele ya mzigo, akafungua fundo kwa meno kwa sababu lilikaza, akatoa nguo moja moja, akazikung'uta na kuzitundika kwenye misumari yake. Veronika alisimama tu akitazama. Katika kabila letu mke wa kaka mkubwa hamwombi msichana radhi kwa mdomo, na sikumsikia mama akimwomba.

Mimi ndiye niliyeombeshwa. Mama alinisukuma mbele kidogo, nikasema yote kwa sauti iliyokatika, kuanzia mioyo mitatu ya sista hadi ndevu. Veronika alinisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza habari mpya. Kisha akasema, "Aya," akaenda kuchemsha maji ya kunyonyolea kuku.

Usiku huo tulikula mapema. Wanaotoka kwetu wanajua kuwa firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto anaweza kukaa chini ya paa moja nayo miaka yote asijue ladha yake. Mama alipakua. Firigisi aliiweka kwenye sahani ya Veronika. Baba aliitazama sahani yake, akaitazama ya dada yake, akamega bukari, akala. Veronika alikuwa akitafuna polepole, machozi yakimshuka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Watu wa Donati walikuja wiki iliyopangwa. Donati mwenyewe alikufa akiwa mzee, amezaa na shangazi watoto saba, na hakuambiwa kamwe jinsi alivyokaribia kuwa mwizi. Mama alinipa mimi ile sarafu siku nilipoolewa. Sikuulizwa kama ninaitaka. Baba Ntumba alisema kweli: ilianza kwa umanjano, ikaja hudhurungi, na sasa ni nyeusi tena, karibu nzuri. Lakini ukiiinamisha mlangoni mwanga haukimbii, na yule kijana hakuhitaji hata kioo.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka mwaka jana. Shangazi alikuwa amepofuka, nami nilikuwa nikienda kumpikia mara mbili kwa wiki. Siku moja nilimtayarishia samaki, nikaenda kumwinua ale bila kunawa vizuri. Alinishika mkono, akausogeza puani, akacheka kicheko chake kile cha zamani.

"Ndimu," alisema. "Ile Ijumaa pia, mikono yako ilinuka ndimu. Na majivu ilikuwa chini ya makucha. Mama alipofungua kitambaa, nilijua palepale."

Nilikaa kitandani pake. Miaka yote ile nilidhani kukiri kwangu ndiko kulikomfumbua macho. Nikamuuliza kwa nini hakusema, wakati mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni.

"Yaya angesema ninatupa kosa ku mutoto," alijibu. "Na weye ungeniogopa siku yote. Nilikuwa nakungoya."

"Na kama singesema?"

Alifikiri, vidole vyake bado vimeshika vyangu.

"Ningepanda treni," alisema.